Sahihi ya Kiranja wa Chakula
Hotuba iliyotolewa katika sherehe ya Uhuru, Frogtown, Saint Paul



Tumeombwa tuzungumze na vijana juu ya uongozi wa wanafunzi katika shule za bweni za nyumbani. Tunasema "sisi" kwa sababu tuko wengi humu ukumbini: tuliosoma bweni miaka ya 90, tukaja huku, tukaanza kwa kuwaogesha wazee wa watu, tukasoma usiku mpaka tukapata shahada za uuguzi. Tunajua neno bweni limeharibika katika nyumba zetu za Minnesota. Mtoto akileta alama mbaya, au akimjibu mama yake ovyo, anaambiwa, "Nitakurudisha nyumbani ukasome bweni!" Basi vijana wamekua wakidhani bweni ni gereza. Ngojeni tuwaeleze lilivyokuwa, tamu yake na chungu yake.

Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilikutaka uje na ndoo, jembe, na fagio la chelewa. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri. Baada ya mchakamchaka kila mmoja alikwenda eneo lake la usafi: huyu darasani, yule chooni, wale kuchota maji ya jikoni. Zamu ilibandikwa ukutani. Binti wa mkuu wa wilaya alisugua choo kilekile alichosugua binti wa muuza vitumbua, na wiki iliyofuata wakabadilishana. Mwalimu Nyerere aliliandika jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alihoji kwa nini sekondari ziajiri watu wa kufagia na kutunza bustani, hali wanafunzi wenyewe ni watu wazima au wanakaribia. Alitaka pia wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shule, wasiwe wa kupokea amri tu. Hilo la pili shule nyingi zililisahau haraka kuliko lile la kufagia.

Juu ya zamu walikuwapo viranja. Kaka mkuu au dada mkuu, kiranja wa bweni, wa taaluma, wa afya, wa michezo, na kadhalika. Walimu waliwachuja wagombea, waliobaki wakasimama mbele ya shule kuomba kura. Kwa ahadi zao, tungekula nyama kila siku.

Lakini kiranja tunayetaka mumjue leo ni wa chakula. Stoo ya shule ilikuwa na kufuli kubwa. Mpishi alipokwenda kuchukua unga na maharage hakuingia peke yake. Walikuwapo mtunza stoo, mwalimu wa zamu, na kiranja wa chakula. Kilo zilipimwa kwenye mizani mbele ya macho yao, zikaandikwa daftarini, na kila mmoja akatia sahihi. Msichana wa miaka 17 alitia sahihi yake chini ya sahihi ya mwalimu wake! Mchana ugali ukiwa haba, mamia ya wanafunzi walijua wa kumuuliza, naye alikuwa na jibu: zimetoka kilo kadhaa, nimeziona. Na akitokea kiranja aliyependa ukoko na minofu ya ziada jikoni, akawa anatia sahihi bila kutazama mizani, bweni zima lililala na njaa. Hapakuwa na haja ya kumchunguza. Mashavu yalisema.

Tulipofika kazini huku tulikuta daftari lilelile kwa sura nyingine. Kila mwisho wa zamu, muuguzi anayetoka na anayeingia husimama pamoja mbele ya kabati la dawa kali za maumivu, morfini na jamaa zake. Mmoja anahesabu vidonge, mwingine anatazama kitabu. Hesabu ikikubali, wote wawili wanatia sahihi, ndipo ufunguo unapobadilisha mkono. Ikipungua kidonge kimoja, hakuna anayevaa koti kwenda nyumbani. Wala hakuna anayemwambia mwenzake, "Kwani unanishuku?" Anayehesabiwa mbele ya shahidi analindwa. Kesho likizuka neno, kitabu kipo.

Kwa upande wa uchungu, tusiwadanganye. Kiranja asiyeulizwa aligeuka mtawala mdogo: anakula zaidi, hafagii, anaandika majina ya watu anaowachukia. Waandishi wa maisha ya Nyerere wanasimulia kuwa alipokuwa mwanafunzi Tabora, walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, mkuu wa shule akakataa kwa hoja kwamba kijana huyu ni mpole mno. Tazameni kipimo cha enzi za mkoloni! Cheo kile kilitaka mkali.

Kwa majirani zetu Wakenya kipimo hicho kilizaa msiba. Mwaka 1999, katika shule ya wavulana ya Nyeri, viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao usiku, wakiwa wamefungiwa vyumbani mwao. Hakuna cha kuhalalisha ukatili ule. Lakini kiranja aliyetengwa na wenzake kwa chumba chake na upendeleo wake amewekwa mahali pa hatari, na waliomweka pale ni watu wazima. Baadaye Kenya ilianza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza hilo nafasi katika bodi ya shule. Kijana anakaa meza moja na wazee, anasikia fedha zinavyogawanywa.

Na sisi tuna jeraha letu. Juni 1994 bweni la wasichana wa Shauritanga, kule Rombo, liliungua usiku, wakafa wasichana wapatao 40. Tulikuwa rika lao. Tangu hapo, kiranja wa bweni alipopita na tochi kuhesabu vitanda hatukumcheka tena. Hata leo, kengele ya moto ikilia wodini, swali la kwanza ni lile lake: tuko wangapi?

Sasa tuje hapa Frogtown. Mtaa huu umepokea Wajerumani na Wapoland, halafu Wahmong, Wakaren, Waoromo, na sisi. Kila kundi lililodumu lilijifunza kuhesabu fedha zake kwa pamoja. Jumuiya yetu ikipata msiba, tunachanga. Kusafirisha mwili mpaka nyumbani ni maelfu ya dola. Fedha hizo anazihesabu nani? Mara nyingi mtu mmoja, mweka hazina, saa tano usiku, mezani kwake, baada ya kazi. Akiulizwa anaumia, asipoulizwa watu wananong'ona. Vijana wetu wananong'ona pia, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo sababu wanakuja kula pilau lakini mkutanoni hawaji.

Kwa hiyo tuna ombi, na tunalisema hadharani ili liandikwe. Kuanzia Januari, kila panapohesabiwa michango, wakae vijana wawili waliochaguliwa na vijana wenzao, watazame, wahesabu, watie sahihi chini ya sahihi ya mweka hazina. Wasiwe wa kubeba viti na kupiga picha tu.

Vijana nanyi mna zamu yenu. Jiji la Saint Paul linataka njia ya miguu mbele ya nyumba iwe imesafishwa ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Wapo wazee wetu, hapa kati ya Dale na Lexington, ambao migongo yao hairuhusu tena, na sisi tulio kwenye zamu za usiku tunafika kwao tumechelewa. Daftari la zamu ya theluji lipo mezani, pale karibu na birika la chai. Nyumba nne tumeshaziandika. Makoleo tutaleta sisi. Watakaoandika majina ndio watakaomchagua kiranja wao, nasi hatutachuja mtu. Hali ya hewa inasema Jumanne usiku itaanguka tena, kwa hiyo tunahitaji majina ya Jumatano asubuhi kabla hamjaondoka leo.