Kabla ya Jibu: Kumsaidia Anayehofiwa Kuwa na Uvimbe wa Ubongo

Hoja yangu ni moja: mtu aliyeambiwa huenda ana uvimbe kwenye ubongo anahitaji, kabla ya faraja, watu wa kumfikisha kwenye jibu. Kwa sisi wachuuzi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, umbali si kikwazo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inayofanya upasuaji wa ubongo, iko Upanga. Ocean Road, taasisi ya saratani, iko karibu na ufukwe. Kote ni karibu. Kinachochelewesha ni riziki ya siku kwa siku. Anayekaa foleni ya kipimo hajafungua meza yake ya biashara, na asiyefungua meza jioni hana cha kupeleka nyumbani. Kumshikia mgonjwa meza siku mbili ni sehemu ya matibabu yake.

Picha ya CT au MRI ikionyesha uvimbe, mara nyingi bado haijasema ni uvimbe gani. Kifua kikuu cha ubongo, toksoplasma kwa mwenye VVU, hata mabuu ya tegu wa nguruwe, huweza kufanana na uvimbe huo pichani, na vyote vina dawa. Meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo, kwa kawaida si saratani. Mara nyingi jibu hupatikana baada ya kipande cha uvimbe kupimwa maabara. Anayetangaza kansa kwenye kundi la WhatsApp ili michango ije haraka amemhukumu mwenzake kabla ya ushahidi. Michango ichangwe, lakini kwa ajili ya kipimo.

Wapo wanaoona kuficha ni huruma: aambiwe ni presha tu, asije akavunjika moyo. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Mgonjwa ndiye anayejua kwamba kichwa humuuma zaidi alfajiri, kwamba hutapika, kwamba jicho linafifia. Akidanganywa ataacha kueleza. Na mtu mzima aliyeanguka na kutetemeka kwa mara ya kwanza lazima ajue ukweli, ili asiendeshe bodaboda wala kupanda ngazi za ghala na mzigo. Akianguka tena sokoni, alazwe ubavu, na asitiwe kijiko mdomoni.

Pingamizi zito zaidi ni la imani: kwamba dua inatosha. Dua haigombani na foleni ya hospitali. Hatari ni kuacha dawa. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao. Vivyo hivyo, aliyetumia dawa ya deksamethasoni kwa wiki kadhaa, ili kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, akiikatisha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya.

Mwisho, wengine huona kumuuliza daktari ni utovu wa adabu. Lakini Novemba 2007, hapo hapo MOI, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walibadilishwa: wa mguu akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa aingie na picha zote za zamani, dawa zote anazotumia, na karatasi yenye tarehe dalili zilipoanza. Aulize kwa heshima: jina hili ni la mgonjwa wetu? Mnashuku nini kingine? Kipimo kinachofuata ni kipi, na lini? Aandike majibu hapo hapo, kwa kuwa mgonjwa mwenye hofu husikia nusu tu ya anayoambiwa.