Uchumi Baada ya Korona: Mkimbizi Yuko Wapi Kwenye Mpango?

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka taratibu.)

Serikali ya Kenya ilisema itafufua uchumi ulioangushwa na korona. Kwenye foleni ya maji watu wanauliza: je, na sisi tumo?

Jibu ni kwamba kwa mambo mengine tumo, kwa mengine hatumo. Ukijua lipi ni lipi, hutapoteza nauli wala mtu hatakudanganya.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, serikali ilishusha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Kutuma pesa kwa simu, mwisho shilingi 1,000, hakukuwa na ada. Hatua hizo hazikuchagua raia na mgeni. Chukua kartoni ya sabuni ya shilingi 1,000 kabla ya kodi. Ilitoka 1,160 ikawa 1,140, kama mwenye duka alikubali kushusha bei. Unga wa mahindi haukubadilika kwa sababu hiyo, maana hautozwi VAT. Basi mama, ukinunua sabuni, ulikuwa ndani ya mpango hata kama hukuambiwa.

Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya muda. Ada za kutuma pesa zilirudi mwanzoni mwa 2021, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana. VAT nayo ilirudi asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021.

Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa mambo manane wa shilingi bilioni 53.7. Bilioni 6.5 zilikuwa za elimu, pamoja na kuajiri walimu 10,000. Bilioni 3 zilikuwa za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000. Bilioni 3 nyingine zilikuwa za dhamana ya mikopo ya biashara ndogo. Pia kulikuwa na Kazi Mtaani, ambapo vijana wa mitaa ya mijini walilipwa kwa siku kusafisha mitaro na kufyeka vichaka.

Hapo ndipo wengi wetu tulibaki nje. Kazi Mtaani iliandikisha watu kwa kitambulisho cha taifa. Na ile dhamana ya mikopo wengine waliielewa vibaya, wakadhani serikali inagawa pesa. Sivyo. Serikali inaiambia benki: mkopeshe huyu, akishindwa kulipa nitabeba sehemu ya hasara. Anayekupima bado ni benki. Inataka leseni, hesabu za mauzo na karatasi za kuonyesha wewe ni nani.

Kabla hatujakaa sawa, Machi 2021 serikali ikasema kambi za Kakuma na Dadaab zifungwe. Mwezi uliofuata tarehe ikawekwa: 30 Juni 2022. Ndugu yangu, nani ananunua mabati ya kupanua duka akiwa na tarehe ya namna hiyo kichwani? Wengine waliuza friji, wengine wakaacha kukopesha wateja. Uchumi haufufuki mahali ambapo mtu hajui kama mwakani atakuwepo.

Na hapa ni soko la kweli. Utafiti wa 2018 wa shirika la IFC la Benki ya Dunia ulikuta Kakuma kuna biashara zaidi ya 2,000. Mwenyeji wa Turkana analeta kuni, makaa na mbuzi, Mkongomani anashona, Msomali ana duka la jumla. Mmoja akifunga, wa pili naye anakosa mteja.

Kilichobadilika baadaye ni sheria. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022. Inasema mkimbizi anaweza kufanya kazi au biashara, peke yake au kwa kikundi, na mwenye taaluma anaweza kuifanya ikiwa vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Haisemi utembee popote unapotaka. Kutoka eneo ulilopangiwa bado kunahitaji kibali. Msichanganye haya mawili, polisi barabarani hawatachanganya.

Basi tufanye nini? Kwanza, angalia kitambulisho chako cha mkimbizi. Kama muda wake unakaribia kwisha, anza kufuatilia mapema. Pili, lipia leseni ya kaunti na utunze risiti. Nunua daftari, andika kila siku ulichouza na ulichonunua, hata kama ni mandazi. Tatu, kama mko kwenye chama cha akiba, andikeni majina na michango vizuri. Siku benki ikifungua mlango kwa wakimbizi, itauliza karatasi hizo.

La mwisho ni hili. Mtu akikuambia utoe pesa akuingize kwenye orodha ya msaada wa serikali wa korona, usimpe. Mwambie mwende wote ofisi ya serikali ya wakimbizi mkaulize. Akikataa, umeshapata jibu.

Wazee, akina mama, vijana, kaeni mkazungumze haya kwenye bloku zenu, na mwenye swali alilete kwa mwenyekiti wa bloku atufikishie.

(Muziki unapanda.)