Kijiti cha Memori Kilichotolewa ni Mali ya Kikundi

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay



Leo tunazungumza juu ya kitu chembamba, urefu wake sentimita 13 hivi, kinachokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Kinaitwa kijiti cha memori. Mafundi wetu huita RAM. Baadhi ya vikundi tunavyotembelea, tangu Muhuru hadi Oyugis, vina kompyuta ya mezani, nyingi zikiwa zile kuukuu tunazoziita ex-UK. Vinaandikia humo hisa za wanachama, mikopo, barua za chifu na mitihani ya shule. Baada ya muda kompyuta inakuwa nzito, na mtu anasema, "Tuiongezee memori." Ni sawa. Lakini hebu tujiulize: vile vijiti vya zamani vinakwenda wapi?

Tunajua kikundi kimoja ambacho swali hilo lilikiletea taabu. Kompyuta yao ilipelekwa kwa fundi mjini ikiwa na vijiti viwili vya gigabaiti 2 kila kimoja. Ikarudi na kijiti kimoja cha gigabaiti 8, inafanya kazi vizuri, kila mtu akafurahi. Miezi miwili baadaye vijana wa kikundi wakapata kompyuta nyingine ya umri uleule, isiyo na memori. Wakauliza vile viwili viko wapi. Fundi akasema aliambiwa ni takataka. Aliyemwambia hakujulikana. Macho yote yakamgeukia mama mweka hazina, kwa kuwa ndiye aliyelipa. Hakuna aliyethibitisha kwamba alichukua kitu, hata hivyo mama yule aliacha kazi ya uweka hazina, na kikundi kikapoteza mtu mwaminifu kwa ajili ya vijiti viwili. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Memori ni nini?

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu, na watu huzichanganya. Diski ni stoo. Barua na hesabu mlizohifadhi hulala humo hata stima ikipotea. Memori ni kama wavu unaotandazwa ufukoni kuanika omena. Wavu ukiwa mdogo, mama anaanika kwa zamu, anakwenda na kurudi na ndoo yake, na jua linatua kazi haijaisha. Ndivyo kompyuta yenye memori ndogo inavyohangaika. Na stima ikikatika, kile kilichokuwa kwenye memori tu, bila kuhifadhiwa kwenye diski, kimekwenda.

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza hakikisheni kwamba tatizo ni memori. Fungueni kazi zenu za kawaida, kisha bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazameni mstari wa Memory. Ukiwa umejaa karibu wote, kuongeza kutasaidia. Ukiwa nusu tu, wekeni pesa zenu. Huenda diski ndiyo inayochelewesha.

Pili, Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4. Mkiwa nayo, vijiti vya kuongeza vitakaa bure mpaka mbadilishe programu hiyo. Tena mjue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11 hata zikijazwa memori. Mashine kama hizo zinaweza kuendelea na Linux, ambayo hailipiwi.

Tatu, fungueni mhesabu nafasi. Kompyuta nyingi za mezani zina nafasi mbili au nne. Zikiwa nne, na mbili tu zimejaa, hamna haja ya kutoa cha zamani. Ongezeni kipya kando yake, mradi ni aina ileile.

Kujua aina

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kuna DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5, na hakuna inayoingia mahali pa nyingine. Kila aina ina pengo lake upande wa meno, na pengo lisipolingana na nafasi, kijiti hakiingii. Usikisukume kwa nguvu! Hata umeme wake ni tofauti: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1.

Someni karatasi iliyobandikwa kwenye kijiti. Ikianza na PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Mkiona herufi R mwishoni mwa namba ya kasi, kwa mfano PC3-12800R, hiyo ni memori ya seva. Inauzwa rahisi na inaingia vizuri, lakini kompyuta ya kawaida itaikataa. Vijiti vya leptopu navyo ni vifupi, havifai hapa.

Kuchanganya cha zamani na kipya

Watu hutuuliza, "Je, cha gigabaiti 2 na cha gigabaiti 4 vinaweza kukaa pamoja?" Mara nyingi ndiyo, vikiwa vya aina moja. Vikitofautiana kasi, vyote hufuata kile cha polepole, kama ng'ombe wawili wanaovuta jembe moja. Bado gigabaiti 6 zenye kasi ndogo kidogo humsaidia karani kuliko gigabaiti 4 zenye kasi, ikiwa wavu wake ulikuwa umejaa. Mkiwa na viwili vinavyolingana, viwekeni katika nafasi zilizounganishwa kwa jozi, ambazo mara nyingi huwa za rangi moja. Wakati mwingine viwili havielewani na kompyuta hulia pii-pii bila kuwaka. Hapo jaribuni kimoja kimoja mpaka mjue.

Kutoa na kutunza

Zimeni kompyuta, chomoeni waya ukutani, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa kijiti, kwa maana umeme mdogo wa mwilini, usiousikia hata kidogo, unaweza kukiua. Fungua vishikizo vya pembeni, kitajiinua chenyewe. Kishike kwa kingo, usiguse meno. Meno yakiwa na uchafu, yasugueni polepole kwa raba safi ya penseli. Wakati wa kurudisha, kandamiza mpaka vishikizo vijifunge.

Kijiti kinachotoka kifungeni katika mfuko ule wa fundi unaozuia umeme, au katika karatasi kavu, si nailoni. Kikae mbali na unyevu na watoto. Mkitaka kujua kama ni kizima, iko programu ya bure iitwayo Memtest86+. Iacheni ifanye kazi usiku kucha siku ambayo stima imetulia. Kikitoa makosa, msimpe mtu mwingine kasoro hiyo.

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Mwishoni mwa 2025 bei ya memori ilipanda sana duniani, kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye mitambo mikubwa ya akili unde. Kijiti mlichokidharau kinaweza kufufua kompyuta ya shule ya jirani, au kubadilishwa na kikundi cha tarafa nyingine chenye mashine ya umri huo.

Dhahabu ya kwenye meno

Huku kwetu Migori dhahabu inajulikana tangu enzi za mgodi wa Macalder, kwa hiyo vijana wakiona meno yale yanang'aa, wanawaza. Ni kweli ni dhahabu, lakini ni utando mwembamba mno. Kijiti kimoja hakilipi hata kuni za kukichoma. Msichome, msitie asidi, msitie zebaki. Moshi na zebaki huharibu mwili, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto hata akiwa tumboni. Vijiti vilivyokufa kabisa kusanyeni katika boksi moja. Vikundi kadhaa vikiungana mnaweza kuvipeleka kwa wanaopokea taka za umeme, kama WEEE Centre ya Nairobi.

Daftari

Katika daftari la mali andikeni: tarehe, aina, ukubwa, namba iliyo kwenye kijiti, kimetoka mashine gani, na kiko wapi. Kompyuta ikienda kwa fundi, waende watu wawili. Fundi aandike alichopokea na alichorudisha, pamoja na vilivyotolewa, na wote watie sahihi. Kufanya hivyo si kumdharau fundi wala mweka hazina. Ndiyo ngao yao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kompyuta yetu ina vijiti vingapi vya memori, na vya aina gani? Ni nani anajua bila kubahatisha?

2. Tukiongeza memori mwaka huu, vya zamani tutavitumia sisi, tutabadilishana, au tutavitoa? Uamuzi huo ni wa nani?

3. Kama mweka hazina wetu angeulizwa leo kilipo kila kifaa cha kikundi, daftari letu lingemtetea?