Mtu na Neno Lake
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wetu wa mwaka)



Mmenitaka niseme machache. Nimekuja na herufi moja tu ya Kichina: 信, isomwayo karibu na "shin". Kushoto ni alama ya mtu; kulia ni alama ya neno. Xu Shen, mtungaji wa kamusi ya Shuowen Jiezi, yapata mwaka 100, aliieleza kwa viungo hivyo viwili. Wataalamu wa siku hizi husema kwamba alama ya mtu yaonyesha pia sauti.

Katika maandishi ya kale herufi hiyo ilikuwa na maana ya uaminifu, kuamini, au "kwa kweli". Baadaye ikawa mjumbe na habari aichukuayo, na leo ndiyo barua.

Confucius, aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo, aliulizwa na mwanafunzi wake Zigong juu ya utawala. Alitaja mambo matatu: chakula, silaha na imani ya watu. Alipobanwa apunguze, aliacha silaha kwanza, kisha chakula. Imani hakuiacha.

Katika karne iliyofuata, Shang Yang, waziri wa dola ya Qin, alitaka kutangaza sheria mpya, naye alichelea kutoaminiwa. Mwanahistoria Sima Qian asimulia kwamba alisimamisha nguzo kwenye lango la kusini la soko, akaahidi zawadi kwa atakayeihamishia lango la kaskazini. Watu wakashangaa, hakuna aliyeigusa. Akaipandisha zawadi mara tano. Mtu mmoja akaihamisha, akalipwa pale pale. Ndipo sheria zikatangazwa. Zilikuwa kali, lakini hakuna aliyezidhania maneno matupu.

Ndugu zangu, mzee mmoja alifika mezani kwangu kuulizia malipo yake ya uzeeni. Nikamwambia, "Njoo Jumatatu," ili aondoke tu. Jumatatu akaja, jalada lake sikuwa nimeligusa. Hakugomba. Alisema, "Nauli nilikopa, mwanangu, kwa sababu ulisema wewe."

Jalada nililipata siku ile ile, kwa nusu saa. Aibu ingalipo. Wengi wetu humu tuna meza na mihuri. Tukisema Jumatatu, na iwe Jumatatu.