Mwekezaji ana mkataba, bibi yangu ana nini?

Kabla sijafika hapa Korogwe nilipita Handeni kumpa bibi shikamoo. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, we si unasoma sheria? Hivi hawa wawekezaji wanafuata nini kwetu?"

Wakubwa wanajibu haraka: msamaha wa kodi. Jamani, tuangalie bomba la mafuta linalopita wilaya zetu hizi kwenda Chongoleani. Mwaka 2016 Uganda ilikuwa na njia mbili mezani, Lamu na Tanga. Ikachagua Tanga. Njia ya Lamu ilikuwa na hofu ya usalama upande wa Somalia, na Kenya kupata ardhi ya watu binafsi ni gharama na kesi. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Yaani mwekezaji anaongea na mlango mmoja. Kilometa 1,147 kati ya 1,443 zikaja kwetu.

Cha pili anataka uhakika kwamba sheria haitageuka akishamwaga hela. Ndiyo maana 2021 Bunge lilitunga sheria maalum kwa ajili ya bomba hilo tu. Na akivunjiwa ahadi anajua pa kwenda. Tulipofuta leseni za kushikilia maeneo ya madini mwaka 2017, Indiana Resources ya Australia ilitupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa kwa sababu ya Ntaka Hill, kule Nachingwea. 2024 tukakubali kulipa dola milioni 90. Hela zetu hizo!

Sasa geuza upande. Sheria hiyohiyo ya 1999 inasema anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Imeandikwa vizuri tu. Ikichelewa, bibi aende wapi? Baraza la ardhi, kwa nauli yake, wakili hana.

Mimi simpingi mwekezaji. Mkonge uliletwa na Wajerumani 1893, na Korogwe bado inaula. Ninachotaka ni fidia iingie mkononi kabla mtu hajang'oa hata mhogo mmoja, na mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji.

Ndivyo nilivyomjibu bibi. Akasema: "Basi niandikie kwenye karatasi. Mkutano wetu ni Jumamosi."