Treni Haikungoja



Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa kwetu Tanga, mwaka 1893. Hata hivyo, stesheni ya treni ya umeme ya Dar es Salaam ilinitoa ushamba. Safari za Morogoro zilianza Juni 2024, za Dodoma Julai. Nilifika pale nikiwahi mazishi Dodoma, nikidhani treni, kama basi letu la Maramba, itamngoja anayekuja mbio akipunga mkono. Nikakuta geti limefungwa. Na mimi (msicheke, jamani) ndiye niliyekuwa mpiga kengele wa shule hii! Marehemu, tuliyekaa naye dawati moja hapahapa, nilikuta amekwisha kuzikwa.