Jirani Asiyeonekana

Somo: Luka 10:25–37

Ukisimama sokoni Chaka, penye barabara iendayo Nanyuki, utaona jinsi ulimwengu ulivyotufikia. Mashati ya mitumba yametoka Ulaya, simu zimetoka China. Nayo kahawa yetu ya Nyeri hunywewa na watu tusiowajua. Ni baraka, kwa maana mama maskini humvika mtoto wake kwa fedha kidogo. Lakini fundi cherehani aliye karibu naye hukosa kazi.

Wazee wanakumbuka mwaka 1975. Baridi kali iliunguza mibuni kule Brazil, na bei ya kahawa ikapanda mno hata mwaka 1977. Huku kwetu watu waliezeka nyumba kwa mabati, wakalipa karo, wakamshukuru Mungu. Je, ni wangapi kati yetu waliowaombea wakulima wa Brazil? Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Tukalia sisi, na kilio chetu hakikufika ng'ambo.

Mwanasheria alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani, naye akaonyeshwa Msamaria, mgeni aliyesimama njiani. Soko hutuunganisha kwa bei. Kristo hutuunganisha kwa huruma. Basi leo, ununuapo au uuzapo, jiulize: faida yangu imemgharimu nani? Nawe anza na yule fundi: sare ya mtoto wako, mpe yeye aishone.

Na tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho tumwone jirani aliye mbali, na aliye karibu. Amina.